Mizani ya Upande Mmoja

Mizani ya haki ina pande mbili. Kashindye alilijua hilo kabla hajajua kusuka mkeka. Huku unaweka pamba, huku unaweka mawe, na watu wote wanatazama. Mnunuzi akitaka kukuibia, sharti akuibie mbele ya macho yako, kwa kuchezea mawe au kwa kusukuma gunia na goti. Wizi wa namna hiyo aliuzoea tangu usichana wake, akajifunza kuugombea. Lakini mizani ya maabara hii haikuwa na mawe. Palikuwa na sinia la bati lililokaa juu ya kipande cha chuma, na kwenye chuma hicho zilitoka nyaya nyembamba kama unywele, zikaingia katika kisanduku chenye kioo na sindano. Mtoto analazwa, sindano inakwenda. Upande wa pili hakuna kitu.

"Sasa kinacholingana na mtoto ni nini?" alimnong'oneza Odeta, mke wa mwanawe. "Uzito wake ukitoka, unakwenda wapi?"

Walikuwa kwenye foleni, kati ya akina mama wa Igogo na Mirongo, kila mmoja na mtoto wake mgongoni, na kila mmoja na mashaka yake. Ulikuwa mwaka wa sitini na moja, Uhuru ulikuwa unakaribia, na Wazungu wa maabara ile iliyojengwa juu ya mawe ya kilima walikuwa wameanza kufunga vitu vyao kwenye masanduku ya mbao. Watu waliokaa chini ya kilima waliyaona masanduku hayo yakirundikwa barazani, na wakaulizana yamebeba nini. Kila Jumatano watoto wanapimwa, halafu kila Alhamisi sanduku jipya linapigiliwa misumari. Mtu mwenye akili zake atafikiri nini?

Siku za mwanzo akina mama walipoambiwa wawavue watoto nguo, walikubali. Walipoambiwa wavue na hirizi, nusu yao walifunga mbeleko wakaondoka. Daktari akaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Ikawa kila hirizi inapimwa peke yake siku ya kwanza, uzito wake unaandikwa kwenye kadi ya mtoto, na kila Jumatano unatolewa. Baada ya hapo hakuna aliyezigusa tena. Malimi, mtoto wa Odeta, alikuwa na mkanda wa ngozi kiunoni ulioshonwa na Kashindye mwenyewe. Kanisani alibatizwa Antoni, lakini bibi yake alimpa jina la marehemu babu yake, na kama bibi wote alimwita "mume wangu".

Zamu yao ikafika. Nesi Dorotea, binti wa Bukoba mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi, alimpokea mtoto kutoka mgongoni kwa Kashindye, akamlaza kwenye sinia, akatazama kioo.

"Ameongezeka tena!" alisema. "Mama Malimi, unga wetu wa lishe umekukubali."

Odeta alisogea karibu. "Dada, mimi naona kama amepungua. Nguo zinamvuka. Na usiku nikimwinua..."

"Amepungua?" Dorotea aligeukia foleni, ili na wengine wasikie. "Wenzake wanalia watoto hawaongezeki, huyu analia wake anaongezeka! Umeme hauna shangazi wala mjomba, mama. Kwa nini ukusingizie?"

Foleni nzima ikacheka. Odeta akainamisha kichwa, akamchukua mwanawe, na Kashindye akamnyang'anya upesi, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe.

Venant, mume wa Odeta, alikuwa mhudumu katika maabara hiyohiyo. Yeye ndiye aliyeifuta mashine vumbi na kuiwasha kila asubuhi, na mkononi alikuwa na ufunguo wa chumba cha mashine. Jioni hiyo alifika nyumbani Igogo akiwa bado amevaa koti lake la kazi, kama alivyozoea, maana koti lile lilimfanya asalimiwe na watu ambao zamani hawakumwona.

"Daktari anataka kumpiga picha Malimi," alisema kabla hajakaa. "Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Picha itakwenda na taarifa yake Ulaya, waone unga wa dagaa na karanga unavyojenga watoto. Na amesema wao wakiondoka, mashine itahitaji mtu wa kuitunza."

"Mtu gani?" aliuliza Odeta.

"Unamwona mtu mwingine hapa?"

Odeta alimpakata mtoto. Malimi alikuwa amelala mapema, mdomo wazi, na shingo yake ilikuwa imefanya mikunjo kama ya mzee. "Baba Malimi, mshike mwanao. Mshike tu."

"Nimshike nipate nini? Nimeona kadi yake." Venant aliketi, akaanza kueleza kama alivyoelezwa. "Mtoto akilala, kile chuma kinabonyea. Kinabonyea kidogo mno, jicho halioni. Zile nyaya ndizo zinazohisi, zinaupa umeme habari. Mkono wako unaweza kuhisi hivyo? Mkono unachoka. Mkono una hasira."

Kashindye alikuwa pembeni akichambua mchicha. Hakuinua kichwa.

Venant alitoka nyuma ya nyumba kutazama kimia, ule wavu wa kutupa kwa mkono aliourithi kwa baba yake aliyekuwa mvuvi wa Nansio. Jumamosi alikuwa akisimama nao kwenye mawe ya ziwani kutafuta kitoweo. Alirudi amekunja uso.

"Ndiyo maana siku hizi hauzami, samaki wanapita chini wananicheka. Mtu ananyofoa vile vizito vya risasi vya pindoni. Punje nzima nzima! Ni Shimba huyu. Nani mwingine jirani hapa mwenye wavu?"

"Umemwona?" aliuliza Odeta.

"Mwizi wa jirani huonwa?" Akatoka mpaka uani, akapaza sauti ili ivuke ua wa mabua: "Mwanamume hujinunulia vyake! Hanyemelei mali ya marehemu!"

Upande wa pili Shimba alikuwa akibandua magamba ya sato. Kisu chake kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Tangu siku hiyo salamu zilikatika kati ya nyumba hizo mbili, na watoto wa Shimba wakakatazwa kuja kucheza.

Odeta angeweza kusema mengi kuliko aliyoyasema, lakini aliogopa neno moja. Maziwa yake yalikauka mapema, na mtoto akikonda ilhali mamake ni mzima, watu hawaulizi amekula nini. Wanasema amebemendwa, yaani wazazi hawakujizuia, au mama ametoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayelipa. Kwa hiyo alinyamaza, akamfunga Malimi nguo mbili mbili asionekane.

Teodora, mwanamke wa nyumba ya tatu, alimwona vilevile. Walikuwa bombani, ndoo zimepangwa.

"Odeta, mdogo wangu, usinichukie. Mtoto wako anaogeshwa na nani?"

"Na bibi yake."

"Anavalishwa na nani Jumatano?"

"Bibi yake. Anasema ule mkanda nisiuguse, mkono wa mama unauua."

Teodora alisogeza ndoo yake. "Na anamwita mume wangu. Haya. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sijasema kitu."

Alikuwa amesema. Odeta alirudi na ndoo kichwani, maji yakimwagikia usoni, na kuanzia siku hiyo hakumtazama tena mkwewe kama zamani. Alimsalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kila mmoja akaendelea na lake.

Katika nyumba ile mkono uliopika haukuwa mkono uliolisha. Alfajiri Odeta alikoroga uji wa unga wa maabara, akaufunika, akaenda sokoni kuuza samaki wa kukaanga, akamwachia Kashindye amlishe mtoto. Kashindye aliuona unga ule kama kipande cha samaki kilichowekwa kwenye mtego wa panya. Nani anagawa chakula bure, tena kwa mtoto wa mwenzake, kama hana analolitaka kwake? Odeta akishavuka uchochoro, uji ulimwagwa. Alasiri Kashindye naye alipika uji wa muhogo kwa mikono yake, akatia na majani aliyoyajua, akauacha jikoni kwa ajili ya jioni, akaenda kutafuta kuni. Odeta akirudi alikifunua chungu, akanusa yale majani, akamkumbuka Teodora. Nao ukamwagwa. Mtoto alibaki na ndizi, chai ya rangi, na tonge za ugali wa watu wazima. Alikuwa na walinzi wawili na hakuwa na mlishaji. Kuku wa nyumba ile walinenepa mpaka majirani wakawasifu.

Ilipofika Jumatano ya picha, Malimi alikuwa ameharisha siku kadhaa. Venant alikwisha kutangulia kazini, koti limepigwa pasi. Na Kashindye aliamka mguu umevimba, hawezi kuukanyagia.

"Nitambeba mwenyewe," Odeta alisema.

"Ngoja. Nitakwenda polepole."

"Kwa mguu huo, mama? Tutafika wamefunga."

Kashindye alimshika mtoto kwa mikono miwili, tayari ameshavalishwa mkanda wake. "Basi leo asiende. Kuna ulazima gani?"

"Mwanao anangoja na mpiga picha."

Walitazamana. Mzee aliachia kwanza. "Usimguse kiunoni," alisema. "Nakuomba, mwanangu. Usimguse kiunoni."

Odeta alimfunga mgongoni akaanza kupanda kilima. Hakufika mbali. Mtoto aliyemwinua usiku kwa mkono mmoja, akalia kwa sababu ya wepesi wake, leo alikuwa akimvuta mabega. Alisimama kwenye mawe, akafungua mbeleko. Miguu ya Malimi ilikuwa vijiti vilevile. Alipompapasa kiunoni, mkanda ulikuwa mzito, mgumu, una vinundu. Aliyakumbuka makatazo, akayaona yote kuwa ya mchawi. Akauma uzi kwa meno, akaukata.

Zikamdondokea mapajani punje nyeusi za risasi, moja baada ya moja, zile za kuzamishia wavu.

Odeta alizitazama, akaelewa kwa namna yake. Vitu vya kuzamisha. Mwanawe amefungwa vitu vya kuzamisha, apelekwe kwa marehemu mwenye jina. Alilia palepale juu ya jiwe, bila sauti, watu wakipita. Kisha akazifunga punje katika pindo la kanga, akamalizia kupanda.

Mpiga picha alikuwa ameshasimamisha chombo chake barazani. Daktari, Mzungu mrefu mwenye haraka, alikuwa akitazama saa. Dorotea alimlaza Malimi kwenye sinia bila mkanda, akatazama kioo, akakigonga kwa kidole. Akakigonga tena.

"Imeharibika," alisema. "Venant! Hii mashine umeifanya nini?"

Venant alikuja mbio. Aliweka kwenye sinia jiwe la shaba la kupimia usahihi, sindano ikaenda mahali pake sawasawa. Akamrudisha mtoto. Sindano ikarudi palepale pa aibu. Hapo ndipo Dorotea alipoacha kukitazama kioo, akamtazama mtoto. Alimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa. Uso wake ukabadilika.

"Mungu wangu," alisema. "Nimekuwa nikimpima kila wiki."

Odeta alifungua pindo la kanga, akamimina punje mezani. "Hizi ndizo mlizokuwa mkizipima."

Daktari alizitazama, akatazama kadi, kisha akamgeukia Venant. Kiswahili chake kilikuwa kizuri akiwa na hasira. "Nani anashika ufunguo wa chumba hiki? Nani alitaka mtoto wake apigwe picha? Umenidanganya mimi, na ulikuwa tayari kumuua mwanao kwa ajili ya kazi?"

Venant aliichukua punje moja. Ilikuwa na alama ya meno, maana baba yake alikuwa akizibana pindoni kwa kuziuma. Angeweza kusema, "Si mimi." Lakini akisema si mimi, ataulizwa ni nani, na jibu lilikuwa nyumbani, mguu umevimba. Akairudisha punje mezani.

"Vua koti," alisema Daktari. "Na ufunguo weka mezani."

Alivua koti mbele ya akina mama wale wale waliomcheka mkewe. Safari hii hakuna aliyecheka. Kwa foleni ile, mambo yalikuwa wazi: uzito umekutwa umeibwa, na mwizi ana wenzake humo ndani. Wengi walifunga mbeleko wakateremka.

Wodini Malimi alilazwa, akiwekewa mrija wa maji, macho yamezama. Kashindye alifika jioni akijikokota kwa fimbo. Venant alimpokea mlangoni na punje mkononi, na hakumwamkia.

"Mama, ulitaka kumuua?"

"Nilitaka kumpa cha kuliwa badala yake." Kashindye aliketi chini kando ya kitanda, mguu ameunyoosha. "Ile mizani haina mawe, baba. Haina upande wa pili. Kila kitu kinachopimwa kinalipiwa na kitu, basi ile inalipwa na nini? Inakula mtoto. Nikasema niipe cha kula. Risasi za babu yake, mtu wa jina lake, yeye atamlinda. Ile mashine itafune risasi, imwachie mume wangu nyama yake."

"Na kwa nini ukazidi kuongeza?"

"Si kwa sababu alikuwa anapungua!" Alipiga fimbo sakafuni. "Kila nikimwogesha nilimwona anapungua. Nikasema mashine imezidi njaa, nikaongeza nyingine. Anapungua, naongeza. Ningefanya nini?"

Odeta alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Alikuwa amejiandaa kumwita mchawi. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. Badala yake aliuliza, "Ulimwona?"

"Nina macho."

"Ulimwona anapungua, mama, na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Wewe uliyekuwa unampikia unga wao?" Kashindye alijifuta pua kwa kanga. "Nilidhani mmekubaliana nao. Mume ana koti lao, mke ana unga wao. Ule uji wako sikumpa hata siku moja. Nilikuwa naumwaga."

Odeta alishika ukingo wa kitanda.

"Na wako," alisema, "nilikuwa naumwaga mimi."

Kwenye kitanda cha jirani mtoto mwingine alilia, akanyamazishwa. Venant aliwatazama wanawake wake wawili, mmoja huku na mmoja huku, na yule mtoto katikati hana hata nguvu ya kulia. Alitaka kuwafokea wote. Kisha akakumbuka kwamba aliambiwa amshike mwanawe, amshike tu, naye akajibu habari za nyaya. Akaketi sakafuni karibu na mama yake.

Jumapili yake alikwenda kwa Shimba kuomba radhi. Mdhaniaye ndiye kumbe siye, na kulisema hilo mbele ya mwenyewe ni kazi kubwa. Alimkuta anakula na wanawe. Shimba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akaendelea kula. Hakumkaribisha. Venant alisimama kidogo kando ya sinia la watu, mtu asiyekaribishwa, kisha akarudi kwake.

Malimi hakufa. Kulikuwa na siku ambazo hata Dorotea, aliyekuwa akipita wodini baada ya kazi yake na viatu vyake vyeupe vikiwa na vumbi, hakuthubutu kusema lolote. Lakini uji ulianza kukaa tumboni, na siku moja akamrushia bibi yake kijiko, wote wakacheka mpaka nesi wa zamu akawagombeza.

Desemba ilifika. Mjini walikuwa wakipaka rangi kuta na kufunga vitambaa vya kijani kwenye nguzo. Dorotea alimsimulia Daktari habari za ule mkanda, lakini koti halikurudi. Venant aliteremsha masanduku ya maabara kilimani pamoja na wachukuzi, kibarua kama wao, na akina mama wakasimama kando ya njia kumtazama.

"Hayo ndiyo yenye watoto wetu," alisema Teodora kwa sauti. "Huyu wa kwake walimrudishia. Bibi yake aliwatisha."

Venant alipita na sanduku lake. Angewaeleza nini?

Mashine yenyewe, kwa kukosa wa kuitunza, nayo ilipangwa kutiwa sandukuni, ikabaki ya mwisho. Jumatano ya kufungwa kwake, Dorotea aliagiza Malimi aletwe. Kashindye na Odeta walipanda pamoja, wakipokezana mtoto njiani kila mmoja alipochoka. Dorotea aliwasha mashine, akasubiri sindano itulie, akanyoosha mikono.

"Subiri kidogo, dada," alisema Odeta. Alimvua mtoto nguo zote. Mkanda wa ngozi, ambao sasa haukuwa na kitu ndani, aliufungua mwenyewe kiunoni, akamkabidhi mkwewe. Na Kashindye hakumzuia. Kisha Odeta akamnyooshea na mtoto pia. "Mshike wewe kwanza, mama."

Kashindye alimpokea mjukuu wake mtupu, akamweka kwenye kiganja na mkono, akafumba macho kama mtu anayepima samaki. Dorotea alingoja. Mtoto alimshika bibi yake pua.

"Bado mwepesi," alisema Kashindye.

"Na mimi naona hivyo," alisema Odeta.

Ndipo wakamlaza kwenye sinia.